Siku Tuliyomfungulia Kengele Mafundo

Juzi Jumamosi mbwa wetu alizaa, hapa hapa Kaloleni, nyuma ya tangi la maji. Alikuwa amehangaika tangu alfajiri bila kutoa kitu, kwa hivyo nikampigia simu daktari wa mifugo. Kijana yule alikuja na pikipiki, akavaa glavu, akampapasa mbwa tumbo, akamdunga sindano na kutuambia tungoje kidogo. Katika huko kungoja, binti yangu akaanza kunitazama kwa macho ya mashaka.

"Mum, uko sawa? Mbona umetoa kilemba? Na viatu umefungua kamba zote."

Sikuwa na habari. Kilemba kilikuwa begani, kamba za viatu zilikuwa zinaburura chini, na mikono yangu ilikuwa inahangaika na fundo la kamba ya kuanikia nguo. Kabla sijajizuia, fundo likaachia, na shuka nilizofua asubuhi zikalala kwenye vumbi. Daktari alicheka kwa adabu. Binti yangu hakuwa na adabu, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka, maana moyo ulikuwa umenirudisha Rukanga, kwenye uwanja wa nyanya yangu, siku ambayo Kengele alitaka kufa.

Acha nikuelezee, wewe ambaye pengine umewahi kulelewa na nyanya na utanielewa upesi.

Wazazi wangu walifanya kazi Voi, na shule zikifungwa Disemba nilipelekwa kwa mama yake baba, chini kabisa ya mlima Kasigau. Niliipenda safari ile kuliko Krismasi yenyewe. Disemba kule ni mwezi wa mvua, mlima unaamka umejifunika ukungu mpaka kiunoni, udongo mwekundu unanukia, na mahindi yanaota ndevu. Asubuhi nilikwenda kuteka maji kwenye bomba linaloshuka kutoka mlimani, maji baridi ya kuumiza meno. Nikirudi ningemkuta nyanya amekaa kwenye mkeka, amenyoosha mguu, akisokota nyuzi za mkonge pajani. Sauti ile, kiganja kikipita juu ya ngozi kavu, shwaa, shwaa, ndiyo iliyokuwa redio yetu. Chakula kilikuwa kimanga cha muhogo na maharagwe, kimepondwa na mwiko mzito, na ole wako uache makombo kwenye sahani.

Nyanya alisuka viondo, na kwa kusuka alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata akiwa na homa. Jua likizama, alikusanya ncha za nyuzi za kiondo na kuzifunga fundo kabla ya kukitundika ukutani. "Kiondo kisichofungwa hufumuka usiku," alisema, na alisema hivyo kila jioni kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ikumbuke sheria hiyo.

Sasa Kengele. Alikuwa mbwa mwekundu, mwembamba, sikio moja limekatika, na alipewa jina hilo kwa kazi yake. Nyani wakishuka mlimani kuiba mahindi, alibweka kwa sauti nyembamba ya haraka haraka. Mgeni akija, alibweka mara chache akanyamaza. Lakini ndovu wakitoka nyikani, alibweka kwa sauti nzito, ya chini, isiyo na pumzi, na sauti hiyo ilimtoa kila mtu kitandani na sufuria mkononi. Usidhani ni jambo dogo. Ndovu wachache wanaweza kumaliza shamba lote kabla hujapata kiberiti, na ukiwakuta ghafla gizani bila kuonywa, unaweza kumalizwa wewe. Tulikuwa tunalala kwa sababu Kengele halali.

Nyanya hakuwa mtu wa kubembeleza mbwa. Kengele hakuruhusiwa kukanyaga kizingiti, na jina lake lilitajwa pamoja na karipio. Mimi ndiye niliyempenda wazi wazi. Nilimwekea mfupa, nilimtoa kupe, nilimweleza siri zangu zote, na alizisikiliza kwa lile sikio zima.

Asubuhi ya siku hiyo tuliamka tukakuta kinyesi cha ndovu barabarani, bado kinatoa mvuke. Watu waliosimama pale waliangaliana tu. Mahindi yalikuwa yamefikia utamu, na kila mtu alijua ndovu wanajua. Niliporudi na ndoo yangu, Kengele alikuwa amekataa kimanga. Alikuwa anachimba chini ya ghala, analala, anainuka, anachimba tena, huku anahema kama aliyetoka kukimbia. Tumbo lake lilikuwa limeshuka.

"Siku yake imefika," nyanya alisema. "Muache. Mzazi hapendi kutazamwa."

Kabla jua halijawa kali alizaa mtoto wa kwanza, mweusi, mdogo kama panya wa shambani, akamlamba mpaka akalia. Nilirukaruka kwa furaha. Halafu akasukuma tena, na hakuna kilichotoka. Akasukuma. Akapumzika. Akasukuma tena huku akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kivuli cha ghala kikafupika, kikapotea, kikaanza kurefuka upande wa pili, na bado. Maji ya kijani yalikuwa yameanza kumtoka, na nyanya alipoyaona, uso wake ulibadilika. Gari la Voi lilikuwa limeondoka alfajiri, na hata lingekuwepo, nani angempeleka mbwa kwa daktari wakati ule? Ungechekwa mpaka kijiji cha pili, Makwasinyi.

Nyanya aliinuka, akafungua leso kiunoni na kuiachia begani. Kisha akaniita na kukaa nyuma yangu, na vidole vyake vikaanza kufumua nywele zangu, mistari aliyonisuka siku iliyotangulia kwa jasho na machozi yangu.

"Nyanya, kwa nini?"

"Mahali panapozaliwa mtoto hapafungwi kitu. Nenda ukafungue kila fundo la boma hili. Usiache hata moja."

Sijui kama ilikuwa mila ya mlima mzima au ya nyumba yetu tu. Sikuuliza, kwa sababu sauti yake haikuwa na nafasi ya swali. Nilifungua magunia, pojo ikamwagika kona ya jikoni. Nilifungua kamba za mbuzi, na mbuzi, ambao hawakuamini bahati yao, wakaenda moja kwa moja kwenye kunde. Nilifungua kamba ya mlango wa kuku. Nyanya mwenyewe alikishusha kiondo alichokuwa akikisuka, kikubwa, cha rangi ya zambarau na nyeupe, kimebaki kidogo kufika mdomoni, akafungua fundo la ncha na kukiweka mkekani. Kuku mmoja akapita juu yake, akaburura uzi na mguu, mistari ikaanza kuachia. Nilitaka kumfukuza. Nyanya aliniambia nimuache.

Nikarudi kwa Kengele mbio. Hakuna. Alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na hakuniinulia hata lile sikio zima. Nilianza kulia.

Nyanya alisimama katikati ya uwanja akageuka polepole, akitafuta kwa macho. Nikaona macho yake yametua shambani, na nikajua ameona nini, na nikaogopa.

Shamba letu na la jirani yalizungukwa na kamba moja. Ilipita kwenye nguzo hadi nguzo, imefungwa matambara yaliyoloweshwa mafuta machafu ya gari na pilipili ya kusaga, na katikati ya matambara mikebe mitupu ya kugongana. Ndovu hapendi pilipili puani wala kelele asizozijua. Ua ule ulikuwa wa mafundo matupu, fundo juu ya fundo, kazi ya familia mbili. Na asubuhi ile ile ndovu walikuwa wamepita barabarani.

Nyanya alishika nguzo ya kwanza, akaanza kufungua.

Mikebe ilipoanguka, jirani alitoka kwake mbio. Alikuwa mwanaume wa makamo aliyehamia kutoka Ukambani na mke wake, mcheshi, mpenda methali, mtu aliyemwita nyanya "Mama" na kumletea kuni bila kuombwa. Siku hiyo ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Mama! Mama, unafanya nini? Unawafungulia ndovu mlango?"

"Mbwa ameshindwa kuzaa."

"Mbwa?" Alinitazama mimi kana kwamba nitamsaidia. "Mama, hii mahindi ndiyo watoto wangu watakula. Wasemao husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hawa wa kwetu hata hawapigani, wanakula tu! Usifungue, tafadhali. Hii kamba ni yangu pia."

"Nusu ni yako," nyanya alisema. "Mimi nafungua nusu yangu."

"Na ndovu atajua nusu ni ya nani?"

Nyanya aliacha fundo akamgeukia. Nilidhani atamfokea, maana ulimi wake ulikuwa mkali. Badala yake aliongea polepole, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akilisema jambo hili.

"Mwanangu wa kwanza hakutoka. Nililala uchungu nikaona jua likizama na kuchomoza. Baadaye walipokuwa wanafagia nyumba, wakakuta chini ya kitanda kifurushi cha mbegu, kimefungwa. Kimesahaulika hapo. Labda si hicho. Mimi sijui. Lakini siwezi kukaa hapa nikiangalia fundo na mwenye uchungu amelala pale. Siwezi, mwanangu."

Jirani aliinua macho. Alitazama chini ya ghala, alipolala yule mbwa. Mwaka uliotangulia, kama kila mtu alivyojua, ndovu dume alikuwa amefika mpaka ukuta wa chumba walicholala watoto wake, na Kengele ndiye aliyesimama kati ya ndovu na ukuta akibweka mpaka watu wakatoka. Jirani alijikuna shingo. Akaita mke wake. Kisha akaenda upande wake wa shamba, akainama, akaanza kufungua.

Sitasahau sauti ile, mikebe ikianguka upande huu na upande ule mmoja mmoja, mahindi yamesimama wazi na jua limeshaanza kuelekea magharibi.

Fundo la mwisho lilipolegea, nyanya aliniita. "Nawa mikono. Kwa sabuni, mpaka viwiko. Kata kucha kwa meno, unawe tena."

Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimepinda kwa miaka ya mkonge, viungo vimevimba kama tangawizi. Alinipaka mafuta ya kupikia mkono mzima. Akamshika Kengele kichwa, akakiweka mapajani mwake, yeye ambaye hakumruhusu kukanyaga kizingiti, akamfunika macho kwa leso.

"Ingiza vidole taratibu. Unagusa nini?"

"Mkia. Na mguu mmoja."

"Anakuja kinyumenyume, na mguu wa pili umejikunja. Utafute. Usivute kitu."

Niliutafuta. Kulikuwa na joto na ubanaji, na Kengele aliunguruma, na nilimuona jirani kwa pembe ya jicho akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili kama aliye kanisani. Nikaupata, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, nikaunyoosha.

"Sasa ngoja. Asukume yeye kwanza. Akisukuma, na wewe umsaidie, kuelekea chini, upande wa miguu yake. Akipumzika, pumzika."

Nikangoja. Hakusukuma. Ubavu wake ulipanda na kushuka, polepole mno. Nyanya alimwinamia sikioni, lile lililokatika, akamwambia maneno ya Kidawida, lugha ya kwetu, ambayo sikuyashika yote. Nilishika moja tu, "mao," mama. Hakuwahi kumwita hivyo mtu yeyote mbele yangu, wala mimi, wala binti zake.

Kengele akasukuma. Nikavuta kuelekea chini. Akapumzika, nikapumzika. Akasukuma tena, akalia, nami nililia kuliko yeye, na mtoto akatoka mwili wote kwa mara moja, mapajani mwangu, na maji ya kijani.

Hakuwa hai. Nyanya alimpangusa mdomo, akamsugua kwa leso, akampulizia puani, akamsugua tena kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Hatimaye alimfunika. "Huyu alikuwa ameziba njia," alisema. "Pole, Kengele. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Nilitaka kuuliza kama tumefungua mafundo yote bure. Lakini kabla sijafungua mdomo, Kengele alijikaza tena, mwenyewe, na mtoto mwingine akateleza nje, akipiga miguu. Halafu mwingine. Halafu mwingine tena, mwekundu kama mama yake, aliyelia kabla hajalambwa. Mke wa jirani alipiga kigelegele kwa ajili ya mbwa, na hakuna aliyemcheka.

Furaha yetu ilikuwa fupi. Jua lilikuwa limegusa vilima vya magharibi, na ua ulikuwa chini.

"Haya!" jirani alipiga kelele. "Kila aliyefungua, afunge!"

Tulikimbia. Nyanya na mimi upande wetu, jirani na mke wake na watoto wao upande wao. Pilipili iliniingia machoni, mikono yangu ilikuwa bado na mafuta na kamba ziliteleza, na mafundo niliyofunga siku hiyo yangemwaibisha hata mtoto wa chekechea. Mwanga ulizidi kupungua. Ilibaki kona moja, ile ya mbali, inayotazama nyika, na jirani alikuwa njiani kuelekea huko na kamba begani tuliposikia.

Ilitoka uwanjani kwetu, nyuma yetu. Nzito, ya chini, isiyo na pumzi.

Niligeuka. Kengele alikuwa amewaacha wanawe. Alikuwa amesimama nje ya ghala, miguu yake ya nyuma inatetemeka, damu haijamkauka, anabweka kuelekea ile kona ya mbali. Jirani alisimama papo hapo, akatupa kamba, akarudi mbio. Hapakuwa na muda wa kuvuta pumzi, mahindi ya kona ile yakaanza kulala chini na vichwa vya kijivu vikaonekana juu ya mabua. Kama jirani angeendelea kutembea, wangekutana.

Tulipiga sufuria, mabati, ndoo, kila kitu. Mikebe ya ua iligongana kwa kuvutwa. Ndovu walikula ile kona, wakachukua na migomba miwili ya jirani, kisha pilipili ikawafikia na wakageuka taratibu, kwa hiari yao, kama wageni walioshiba. Shamba lililobaki lilipona.

Jirani alikuja akakaa chini uwanjani kwetu. Alimtazama Kengele, aliyekuwa amesharudi kujikunja juu ya watoto wake. "Mama," akasema, "mimi nilikuwa nafungua nikikutukana moyoni." Nyanya akamjibu kwamba yeye pia alikuwa anamtukana, kwa hivyo wako sawa, na amletee kuni kesho.

Mpaka leo sijui kilichomuokoa Kengele. Niliwahi kumsimulia mtu aliyesomea mambo hayo, akanieleza kwamba mguu ulikuwa umekunjwa, ukanyooshwa, basi. Nadhani ni kweli. Lakini yeye hakuiona sura ya nyanya akiishika ile nguzo ya kwanza.

Rukanga ya sasa ungeipenda, ingawa mimi hunipa kiwewe kidogo. Kuna mahali pengi pana ua wa stima, waya unaolia peke yake usiku. Mikebe haipo, mbwa wanalala. Ghala limeanguka, jirani amerudi Ukambani kuzeekea kwa ndugu zake. Kengele alizikwa nyuma ya jiko, na damu yake nadhani bado inabweka mahali fulani kati ya Rukanga na Makwasinyi, kwa maana bado naona mbwa wekundu njiani nikienda. Nywele zangu sijapata tena mtu wa kuzisuka kwa maumivu yale.

Nyanya aliaga dunia usingizini, bila kuugua sana, siku ambazo mimi sikuweza kusafiri kumzika kwa kuwa nilikuwa karibu kumzaa binti yangu huyu. Wanawake wa kikundi chake cha kusuka walinitumia kiondo walichokikuta, kimebaki robo kumalizika. Waliniomba msamaha. Walisema hawaelewi, mama yule hakuwahi kulaza kiondo wazi maisha yake yote, lakini asubuhi walipoingia walikikuta ukutani hakijafungwa, ncha zote zinaning'inia. Huenda alianza kuchanganyikiwa, walisema. Uzee.

Niliwashukuru, sikuwaeleza kitu. Kiondo kiko chumbani kwangu, kimefumuka mistari kadhaa, na sijaruhusu mtu akiguse.

Jumamosi, watoto wa mbwa walipotoka wote na daktari akaondoka, binti yangu alinisaidia kufua shuka upya. Aliuliza kama kweli naamini mambo ya mafundo. Nilimpeleka chumbani nikamwonyesha zile ncha, nikamwambia zilifunguliwa kwa ajili ya nani.